Mtoto wa Kike na Elimu ya Nje ya Darasa katika Nyanda za Juu za Kusini

Msangano ni kata ya Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Nchi hiyo iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, na Mto Momba hupita humo ukiteremka kwenda ziwani. Mtu atokaye Tunduma, mji wa mpakani ulio juu ya uwanda, huona tofauti mara ashukapo: joto huongezeka, miti hubadilika, na mahali pa mahindi na maharagwe huonekana majaruba ya mpunga. Wenyeji wake ni Wawanda na Wanyamwanga, pamoja na wakulima na wafugaji waliohamia huko kwa nyakati mbalimbali. Mkoa wenyewe ni mchanga kwa umri, kwa kuwa ulimegwa katika Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Lakini maisha ya mtoto wa kike wa bonde hilo yana historia iliyotangulia mipaka hiyo ya serikali, na ndiyo itakayochunguzwa hapa.

Katika nchi za mpunga, punje zianzapo kujaa, kazi ya kuamia ndege huwaangukia watoto. Msichana hupanda juu ya dungu alfajiri na kukaa huko hadi jua litue, akipiga kelele, akigonga debe, akivuta kamba zilizofungwa vigae na makopo. Hakai peke yake, kwani ndege wafukuzwao katika jaruba moja hutua katika jaruba la jirani. Kwa hiyo walinzi hawana budi kupashana habari kwa sauti na kupokezana zamu ya kwenda kula. Mtu asiyejua maisha ya shamba angesema kwamba hapo pana mafunzo kamili ya ushirikiano, ustahimilivu na uangalifu. Mwalimu mwenye daftari la mahudhurio mkononi angesema kwamba hapo pana mtoro. Wote wawili husema kweli, na mgogoro wa kweli hizo mbili ndio uliofuatana na elimu ya mtoto wa kike tangu shule zilipoanza.

Aghalabu waandishi wa mambo ya elimu husimulia kama kwamba msichana wa Kiafrika alikuwa amefungwa nyumbani, kisha shule ikaja ikamtoa nje. Kwa nchi za kusini habari hiyo imepinduliwa miguu juu. Msichana alikuwa nje siku zote: kisimani, msituni kwa kuni na uyoga, shambani, njiani. Shule ndiyo iliyomwingiza ndani, ikamketisha juu ya benchi, ikamfundisha kushona na kusoma. Alichokosa tangu zamani hakikuwa jua wala upepo. Alichokosa ni nafasi ya kuwa nje kwa ajili ya nafsi yake, pamoja na wenzake wa rika lake, bila ya mzigo kichwani.

Ushahidi wa jambo hili unapatikana karibu, kwa Wanyakyusa wa Rungwe. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa kwao katikati ya miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica Wilson alitoa kitabu kiitwacho Good Company, kilichoeleza vijiji vya marika. Mvulana wa Kinyakyusa alipofika umri wa miaka 10 au 11 aliondoka katika nyumba ya baba yake, akaenda kujenga vibanda na wenzake kando ya kijiji. Walilala huko, walilima mashamba ya baba zao, na walikwenda kula kwa mama zao kwa makundi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wenyewe wana neno ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha, kwa mazungumzo na kusaidiana baina ya watu walio sawa. Ilikuwa imani yao kwamba mtu hapati akili ila kwa kukaa na wenzake hivyo.

Je, dada zao walijenga wapi? Hawakujenga. Msichana aliposwa mapema, mara nyingi kabla ya kuvunja ungo, na alipoolewa alihamia katika kijiji cha rika la mumewe. Majirani zake wa maisha walikuwa wake za rafiki za mumewe. Walikuwa wema au wabaya kwa bahati, lakini hakuwachagua, wala hakukua nao. Yapo maneno ya kusema juu ya upendo uliokuwako baina ya wanawake hao, na juu ya mabinti waliomsindikiza mwali katika siku zake za ndani; hata hivyo mpango mzima wa ukwangala, uliowastaajabisha wageni kwa uzuri wake, ulikuwa mpango wa wanaume. Msomaji asisahau jambo hili kila aelezwapo kwamba ushirikiano ni mila yetu sote.

Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Wabemba, mambo yalikuwa namna nyingine. Huko Audrey Richards alishuhudia mwaka 1931 sherehe ya wasichana iitwayo chisungu, na kitabu chake juu ya habari hiyo kilitoka mwaka 1956. Sherehe aliyoiona ilichukua siku 23, na aliambiwa kwamba zamani ilichukua miezi. Mkuu wake alikuwa nachimbusa, mwanamke wa makamo mwenye heshima na maarifa, mfano wa kungwi au nyakanga wa pwani. Wari walipelekwa porini, walifundishwa majina na maana za miti, walitambaa, walirukishwa vizuizi vya matawi ambavyo kila mara vilizidi kimo. Na aliyeshindwa kuruka alirudishwa kujaribu tena mpaka afaulu, huku wanawake wakiimba. Kwa jicho la leo jaribio hilo linafanana sana na michezo ya kamba na magogo wanayofanyizwa wanafunzi katika kambi za mafunzo ya ujasiri. Tofauti iko katika shabaha: mwari wa Kibemba alirushwa vizuizi ili awe mke na mama, na alikuwa mmoja au wawili tu mbele ya kundi la watu wazima. Zaidi ya hayo, si halali kuhamisha desturi ya Wabemba na kuivika Wanyamwanga wa Momba kwa sababu tu wanapakana. Wabemba huhesabu ukoo kwa mama, na Wanyamwanga kwa baba. Na mahali ukoo unapohesabiwa kwa namna tofauti, thamani ya binti nayo hupimwa kwa mizani nyingine.

Sasa yafuata yaliyokuja kutoka ng'ambo ya bahari. Mwezi wa Septemba mwaka 1909, katika Crystal Palace mjini London, maelfu ya wavulana wa skauti walikusanyika mbele ya Robert Baden-Powell. Katikati yao walionekana wasichana wachache waliovaa kofia kama zao na kujiita maskauti. Hawakualikwa. Walikuwa wamesoma kitabu cha mwaka uliotangulia kilichoandikwa kwa ajili ya kaka zao, wakajifundisha wenyewe. Baden-Powell hakutaka kuwachanganya na wavulana, akamwomba dada yake Agnes awaundie chama chao, na chama hicho kikaanza mwaka 1910 kwa jina la Girl Guides. Kitabu chao cha kwanza, cha mwaka 1912, kilitangaza katika jina lake lenyewe jinsi wasichana wawezavyo kusaidia kuijenga Dola. Basi chama kilichoanzishwa na ukaidi wa watoto wa kike kilifungwa mara moja kwa kamba mbili, ya nyumba na ya Dola, na kamba hizo ndizo zilizofika nacho Afrika ya Mashariki.

Tanganyika ilikipokea mwaka 1928. Jina lake lilileta kichekesho kidogo ambacho mwanalugha hawezi kukipita kimya: sikio la Mswahili lisikiapo Guide husikia gaidi, neno la kale la mnyang'anyi wa njiani. Pengine ndiyo sababu Kiswahili hakijakipatia chama hicho jina la kudumu hata leo, ilhali skauti limekuwa neno la kila mtu. Mwaka huo huo wa 1928, katika mkoa uleule wa nyanda za juu za kusini, Serikali ilifungua shule ya Malangali, Iringa. Mkuu wake Mumford alijaribu kuijenga shule juu ya mila: nyumba kwa mtindo wa wenyeji, wazee washauri, ngoma, na kutupa mikuki. Lilikuwa jaribio mashuhuri, likaandikwa na kujadiliwa Ulaya. Lilikuwa jaribio la wavulana. Hivyo mila ya mvulana ilitafutiwa nafasi ndani ya shule, na msichana akaletewa chama kutoka London.

Hata hivyo ni kosa kukidharau chama hicho kwa sababu ya asili yake. Kulikuwamo ndani yake jambo moja ambalo halikuwamo katika vijiji vya Wanyakyusa wala katika chisungu, nalo ni kikosi. Wasichana wachache, sita au wanane, waliwekwa chini ya mmoja wao, aliye sawa nao kwa umri au mkubwa kidogo. Huyo aligawa kazi: nani ateke maji, nani asimamishe hema, nani awashe moto, nani amfunge bandeji mwenzake aliyejikwaa. Alikuwa kiongozi bila kuwa mke wa mkubwa, bila kuwa kungwi, bila kuwa mwalimu. Kesho yake angeweza kuongozwa na yule aliyemwongoza jana. Kufunga mafundo ya kamba na kusoma alama za njia ni mambo madogo ambayo mtoto wa Msangano angeweza kumfundisha mwalimu wake Mwingereza. Kupokezana uongozi baina ya walio sawa ni jambo kubwa, na wasichana wengi wa nchi hii walilionja kwanza katika viwanja vya shule za bweni.

Dosari ya chama ilikuwa uchache wa waliofikiwa. Kilistawi mahali palipokuwa na shule ya wasichana, mwalimu wa kike aliyekwisha kufundishwa, na wazazi walioweza kununua sare. Katika kusini Wamoravian walikuwa wamefika Rungwe tangu mwaka 1891, na shule za misheni zilienea polepole kuelekea Mbozi. Lakini binti wa bondeni aliyetaka kuendelea na masomo zaidi ya madarasa ya chini alipaswa kupanda mlima, kuvuka uwanda, na kukaa bweni mbali na kwao. Wachache walifika hata Loleza, shule ya wasichana iliyo chini ya mlima wa jina hilo mjini Mbeya. Waliobaki hawakuona hema wala kikosi.

Ikiwa hivyo ndivyo, wanawake wengi wa Tanganyika walijifunza wapi kujipanga? Jibu lilionekana mwaka 1955, na halikutoka katika kambi ya hema. Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, alipoombwa kuwaingiza wanawake katika TANU alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya mji. Vikundi hivyo vilikuwa na wakubwa wake, daftari la michango, sare, taratibu za kusaidiana msibani na harusini, na mashindano makali baina yao. Katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi za chama. Waliofanya hivyo wengi wao hawakupata kuketi darasani. Ngoma ilikuwa imewafundisha nidhamu ya kundi, na hapana shaka kwamba iliwafundisha vizuri kuliko shule nyingi. Historia ya elimu ya nje isiyowataja akina Bibi Titi itakuwa imehesabu mahema na kuwasahau watu.

Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 swali lilibadilika. Unguja, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, uwanja wa vijana ulishikwa na Vijana Chipukizi, wavulana na wasichana pamoja, na gwaride lao likawa sehemu ya kila sikukuu. Bara, Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, kwanza kwa wanaojitolea. Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba waliomaliza kidato cha sita na vyuo wapitie humo kwa lazima, na kwamba kwa muda fulani wakatwe sehemu kubwa ya mshahara wao. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao waliandamana hadi Ikulu kupinga. Rais Nyerere aliwarudisha makwao kwa mamia, na siku hiyohiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa wasomi na Taifa juu ya fedha na heshima. Upande wake mmoja hausemwi sana: kwa lazima hiyo, kwa mara ya kwanza katika nchi, binti wa shule na kijana mwanamume walipewa jembe moja, kwata moja na kilinge kimoja. Wazazi wengi waliogopa. Walijiuliza binti yao atalala wapi, atalindwa na nani, na atarudi nani. Hofu hiyo haikuwa ujinga, na mtu aliyeidhihaki alikuwa hana binti. Walakini wanawake wengi wa kizazi hicho, walipokuwa watumishi wakuu, walimu na mabibi afya, walizitaja siku za kambini kuwa ndizo walizojua kwanza kwamba miguu yao inaweza kuwafikisha mbali, na kwamba mwenzako anayekubebea mzigo kilima kinapokuwa kikali haulizi kabila lako.

Mwezi Machi 1967 ulitoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Kila shule iwe na shamba, na wanafunzi wenyewe washiriki katika kuamua nini kilimwe na mapato yatumiwe vipi. Sharti hilo la kuamua ndilo lililokuwa roho ya waraka, nalo ndilo lililosahauliwa upesi. Shuleni kwingi shamba lilibaki na maamuzi yakaenda ofisini. Na hapo msichana alijikuta amerudi dunguni: anateka maji ya walimu, anafagia, anapalilia, kisha jioni anarudi nyumbani kuteka maji mengine. Kazi ilikuwa ileile, ila sasa iliitwa elimu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitoa funzo la namna hiyohiyo kwa njia nyingine. Lilitaka waombaji wa Chuo Kikuu wafanye kazi kwanza baada ya kidato cha sita. Idadi ya waombaji wanawake ikapungua, kwa kuwa miaka hiyo ya kungoja ndiyo miaka ya posa, na baada ya muda mfupi wasichana waliondolewa sharti hilo. Kanuni iliyo sawa kwa wote haikuwaangukia wote kwa uzito ulio sawa.

Wakati wakubwa walipokuwa wakiandika nyaraka, watoto wa kike walikuwa na chuo chao ambacho hakikuanzishwa na mtu yeyote anayejulikana. Kila uwanja wa shule ya msingi, bondeni na mlimani, huchezwa rede. Warushaji wawili husimama huku na huku, na kundi la wasichana hukaa kati. Mpira ni wa matambara au wa soksi kuukuu. Anayepigwa hutoka. Katika namna moja ya mchezo huo chupa tupu huwekwa katikati, na walio ndani hutakiwa kuijaza mchanga huku mpira ukiwapita masikioni. Mwenye kujaza hana budi kuinama, na mwenye kuinama haoni mpira. Kwa hiyo mwenzake hujitokeza, huruka, huwachokoza warushaji ili macho yao yamfuate yeye. Hujitoa ili chupa ijae. Hakuna mwalimu aliyefundisha mbinu hiyo. Msichana wa darasa la sita huirithisha kwa wa darasa la tatu, mwaka baada ya mwaka, na hesabu ya nani alitoka na nani alidanganya hukatwa na wenyewe, kwa ugomvi mkali usiofika jioni. Mpira wa pete, ulioletwa na walimu wa Kiingereza, umepata vikombe, refa na mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, nao umefanya mengi mema. Rede haina kikombe. Inastahili mwanafunzi wa shahada ya kuiandika kabla haijasahauliwa.

Kilichobaki ni habari ya njia. Katika Songwe, kama katika mikoa mingi, shule za sekondari za kata zimesogea karibu kuliko zamani, lakini karibu ya ramani si karibu ya miguu. Msichana anayekwenda mwendo mrefu asubuhi na kurudi jioni yuko nje kuliko mtoto yeyote wa kambi ya hema, na nje hiyo ina mvua, mito iliyofurika na watu wenye nia mbaya. Kwa miaka mingi aliyepata mimba, hata kwa kulazimishwa, alifukuzwa shule. Ruhusa ya kurudi katika shule za Serikali ilitangazwa tarehe 24 Novemba 2021. Ndiyo maana mzazi wa Msangano akisikia kwamba mwalimu anataka kuwapeleka wasichana safari ya masomo, tuseme kupanda mlima hadi Mbozi kukitazama kimondo, lile pande la chuma lenye urefu wa karibu mita 3 lililoanguka kutoka mbinguni zama zisizojulikana, swali lake la kwanza halihusu nyota. Huuliza watakwenda kwa gari gani, nani mwalimu wa kike atakayefuatana nao, na watarudi saa ngapi. Mwalimu mwenye majibu ya maswali hayo matatu hupewa watoto. Asiye nayo hunyimwa, na ni haki.

Ulazima wa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa ulisimamishwa mwaka 1994, ukarudishwa mwaka 2013. Tangu hapo majina ya wahitimu wa kidato cha sita hutangazwa kila mwaka pamoja na kambi zao, na miongoni mwa kambi hizo imo Itaka, katika Mkoa wa Songwe wenyewe. Huko hufika mabinti wa Dar es Salaam ambao hawajapata kushika jembe, pamoja na mabinti wa mashambani waliolishika tangu utoto. Siku za kwanza wa mjini huchubuka viganja, na wa shamba huwaonyesha jinsi ya kuushika mpini. Usiku wa zamu ya ulinzi huwa wawili wawili, na wa zamu hukaa macho hadi wapokewe.